Mkunjo wa Kola

Nilianza kuipenda mikono yake kabla sijampenda mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu. Ungepishana naye njiani usigeuke. Lakini mikono! Ilikata nyanya huku yeye akikutazama wewe. Ilipaka siagi mpaka ukingoni mwa mkate, kule ambako mvivu hafiki. Kisha ilifunga sandwichi kwenye karatasi na kuisokota karatasi upande mmoja, ikabaki imechomoza kama mkia wa mwanambuzi. Ukiuona ule mkia ulijua bila kuuliza: hii kaifunga Kitinda.

Siku hizi mkia haufungwi tena dukani, tangu mwenyewe atangulie. Ndiyo sababu naandika.

Walimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba, wa mwisho kwa mama yake. Mimi waliniita Mkate, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila asubuhi nilitoka bekari na baiskeli ya mizigo, kreti za mikate zimefunikwa kitambaa, nikafika mlango wa nyuma wa duka lao la sandwichi na kugonga kwa ncha ya kiatu, maana mikono imejaa.

"Nani?" alikuwa akiuliza, na huku anajua.

"Mkate."

"Wa jana au wa leo?"

"Wa jana ni wewe."

Huo ndio ulikuwa uchumba wetu, mlangoni, kreti katikati. Yeye anashika upande huu, mimi upande ule, na hakuna anayeachia upesi. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na masikio ya sungura, alikuwa akipaza sauti kutoka ndani: "Hiyo kreti ina gundi? Wateja wanangoja!"

Na kreti inaachiwa.

*

Duka lile halikuanza kama duka. Lilianza kama dirisha.

Mama yake Kitinda alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati. Alipopata mimba ya kwanza akaacha kazi, lakini aliwakumbuka wenzake wa zamu, nao walikuwa wakipita mbele ya chumba chao na njaa zao. Akaanza kuwauzia mkate na yai kupitia dirishani. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Nyumba zilipokosa rangi za kupakwa, akaingia jikoni kumsaidia mkewe kupaka siagi. Mzee alikuwa akisema ukuta na mkate ni kitu kimoja, ukiruka pembe mwenye nyumba ataiona.

Siku moja mteja akarudi dirishani na ganda la yai mkononi. Mume akasema ni mke. Mke akasema ni mume. Wakanuniana mchana kutwa, wakawa wanaombana chumvi kupitia kwa wateja: "Hebu mwambie huyo bwana hapo anipe chumvi." Kesho yake Mama akaja na dawa.

"Kuanzia leo kila mtu na mkunjo wake," akasema. "Ganda likionekana, hakuna wa kusingiziwa."

Yeye akakunja karatasi kwa mkono wa mshonaji, pembe mbili zikitazamana mbele kama kola ya shati jipya. Mzee akakunja bapa, kama bahasha. Dirisha likawa chumba, chumba kikawa duka lenye kaunta na kioo, na watoto wakazaliwa humo. Mtoto alipofikia kimo cha kusaidia alipandishwa kwenye kigoda mbele ya meza ya kazi, akapewa karatasi safi na kuambiwa: tafuta wako. Dada mkubwa alipata sikio, pembe moja imesimama. Watu walisema limemfaa. Kitinda akapata mkia. Ilikuwa kama kupewa jina mara ya pili.

Hapo ndipo desturi ilipozaliwa. Mfanyakazi wa kuajiriwa alikata, alikaanga, aliosha. Kufunga kulikuwa kwa watu wa nyumba ile peke yao. Wateja nao wakazoea, wakawa wanaagiza kwa mkunjo. "Nipe ya kola," walikuwa wakisema, wakiwa na maana ya ile iliyotoka mkononi mwa Mama.

Mama alipofariki, kola ikapumzika. Hakuna aliyetangaza. Ila pale alipokuwa akisimama, upande wa kushoto wa meza karibu na dirisha, hapakuwekwa kitu tena, wala kisu, wala kreti. Hata siku za msongamano watu walipazunguka.

Mimi nami nilimlilia Mama kimyakimya, maana sikuwa na haki ya kulia kwa sauti. Kila asubuhi, enzi za uhai wake, alinipa sandwichi moja mlangoni. "Kula, mwanangu. Unaendesha mizigo kwa upepo?" Nami nilikula nusu, nusu nikampelekea mama yangu mzazi aliyekuwa amelala kitandani akiugua. Karatasi ilikuwa imeshakunjwa na Mama. Nilifuata tu mistari yake, nikairudisha ilivyokuwa, pembe mbili zikitazamana. Hivyo ndivyo nilivyofanya kila siku, miaka nenda miaka rudi, mpaka mama yangu akatangulia. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu nilikuwa najifunza.

*

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Ijumaa.

Jumatano ya kabla yake Kitinda alikuwa amemwambia baba yake kwamba anataka kunioa. Mzee aliendelea kunoa kisu. Mwishowe akasema, "Shule wameagiza sandwichi za mashindano ya michezo. Agizo likishatoka, nitakujibu." Akimkubalia, Jumapili angekwenda kwa mjomba wangu kuzungumza. Akikataa, basi. Kitinda hakuwa mtu wa kuoa nyuma ya mgongo wa baba yake, na mimi nisingekubali.

Dada mtu alikuwa ameshatoa hukumu yake mapema. "Msichana wa kuleta mkate," alimwambia Kitinda, tena nikiwa nasikia. "Mlango wa nyuma umemchosha, sasa anataka kupita wa mbele."

"Habari za asubuhi, wifi," nilimjibu siku hiyo, kwa utani.

"Usiniite wifi. Hujaposwa."

Ijumaa ile mtoto wa dada mtu aliamka na homa, naye akampeleka zahanati. Mzee akabaki kaunta mbele. Jikoni akabaki mkaanga mayai mmoja, na Kitinda peke yake mbele ya mlima wa mikate. Gari la shule lilikuwa njiani.

Nilipogonga, mlango ulifunguka bila utani wowote. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni.

"Mkate, ingia. Nisaidie."

"Nikate?"

"Imeshakatwa. Nisaidie kufunga."

Nikacheka, nikidhani anatania. "Mimi? Unataka Mzee anifukuze kabla hajanikubali?"

"Funga mkia wangu. Nani atajua? Ni mkia tu, unausokota. Tazama." Akasokota. "Lawama nitaibeba mimi."

Akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Halikuwa ombi la kazi. Alikuwa amechoka kuniona nimesimama kizingitini.

Nikanawa mikono. Nikafunga mkia wa kwanza, akausahihisha. Wa pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa tatu hakuutazama tena. Tukawa tunafunga, yeye huku, mimi kule, viwiko vikigusana na kuachana na kugusana tena. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na kreti kati yetu. Nilikuwa na furaha kubwa hata sikuiangalia mikono yangu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mkono ukiharakishwa hurudi kwenye njia unayoijua, nayo mikono yangu ilikuwa inajua njia moja tu.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliingia dukani na utani wake, kudai chai yake ya asubuhi na sandwichi. Alikuwa mteja tangu siku za dirisha. Mzee akanyoosha mkono nyuma, kwenye dirisha dogo la jikoni, akachukua moja bila kutazama na kumwekea kaunta.

Utani wa Kinyozi ukakatika. Nilimsikia akisema polepole, "Mzee. Hii nani kaifunga?"

"Kitinda. Leo yuko peke yake."

"Kitinda hajafunga hii. Mzee, hebu itazame."

Mlio wa mafuta kwenye kikaango ulisikika kama mvua. Nikaitazama trei niliyokuwa nikiijaza. Mikia ilikuwa mitatu, minne, ya mwanzo. Iliyobaki yote ilikuwa kola. Safu kwa safu, pembe mbili zikitazamana, nadhifu, kama mashati yaliyotoka kupigwa pasi.

Mzee aliingia jikoni akiwa ameishika ile sandwichi kwa mikono miwili.

"Nani?" aliuliza.

Kitinda akasogea mbele yangu. "Mimi, Baba."

"Wewe?"

"Nilimkumbuka Mama. Mkono ukaenda tu."

Mzee akachomoa karatasi safi, akaiweka mezani. "Funga."

"Baba, gari la shule…"

"Nimesema funga."

Kitinda akaichukua karatasi. Akakunja pembe moja, akasita. Akakunja ya pili, ikapanda juu ya ya kwanza. Akaifungua, akaanza upya. Ile mikono iliyokata nyanya bila kutazama ilikuwa haijui ianzie wapi. Akajaribu mara ya tatu, kisha akaiacha karatasi mezani, akaitazama kana kwamba imemtukana.

Mzee hakumwangalia tena. Aliniangalia mimi.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Mama alikuwa ananipa sandwichi. Mikono ilizoea. Sikukusudia."

Angenipigia kelele ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kigoda, akaiweka ile sandwichi mapajani, akafunika kola kwa kiganja chake kikubwa chenye makovu ya rangi za zamani.

Dada mtu alirejea wakati huohuo, mtoto begani amelala. Hakuhitaji kuelezwa. Aliiona trei.

"Nani kafanya hivi?" Sauti yake ilianza chini kwa ajili ya mtoto, ikashindwa kubaki chini. "Wewe? Mkunjo wa mama yangu? Mimi mwanawe wa kumzaa sijathubutu kuugusa, wewe umeujaza kwenye trei upelekwe kwa watoto wa shule wautupe uwanjani?"

"Dada, nisamehe, mimi…"

"Usiniite dada! Umemvua mama yetu nguo umeivaa wewe!"

"Inatosha!" Kitinda akasema.

"Haijatosha! Muulize Baba kama imetosha!"

Sote tukamtazama Mzee. Hakuinua kichwa.

"Kreti za bekari zichukuliwe zote," akasema mwishowe. "Na mikate ya kesho alete mtu mwingine."

Jibu la Jumatano likawa ndilo hilo. Nilivua aproni ya Kitinda niliyokuwa nimeifunga kiunoni, nikaiweka mezani, nikatoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Nyuma yangu nilisikia karatasi zikifunguliwa, moja baada ya nyingine. Kola zote zilikuwa zinafumuliwa.

*

Nilimwomba msimamizi wa bekari anibadilishie njia. Akaniuliza sababu. Nikamwambia mlima wa upande ule unaniumiza magoti. Upande ule hauna mlima, lakini alikuwa mtu mwenye busara, hakuuliza zaidi.

Kitinda alikuja bekari mchana mmoja, wakati matanuri yamezimwa na tunafagia unga. Alikuwa amekonda. Tulisimama kati ya rafu tupu, na kwa kuwa hapakuwa na kreti ya kushika, hatukujua pa kuweka mikono.

"Mkate wanaotuletea siku hizi umeungua chini," akasema.

"Mwambieni anayeleta."

"Nimekuja kumwambia asiyeleta."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Akavuta pumzi.

"Nimemwambia Mzee naondoka. Nitafanya kazi popote penye kisu na ubao. Tutaanza na dirisha, wewe na mimi. Wao si walianza hivyohivyo?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Usiku wote nilikuwa nikiota maneno ya namna hiyo. Lakini nilimwona Mzee kwenye kile kigoda, kiganja juu ya karatasi.

"Wao hawakuanza kwa kumwacha mtu analia," nikasema. "Ukiondoka duka litabaki na watu wawili. Dada yako ataniona nimemzika mama yake mara ya pili, na wewe nimekuzika juu yake."

"Kwa hiyo unanikataa?"

"Sikukatai. Nakataa kuwa sababu."

"Kuna tofauti gani, kwa mtu anayelala peke yake?"

Akaokota kipande cha unga mkavu kwenye rafu, akakivunjavunja vidoleni.

"Unajua kilichoniuma siku ile?" akasema. "Si hasira ya Mzee, wala maneno ya dada. Ni ile karatasi. Nilisimama upande wa kulia wa Mama tangu nikiwa juu ya kigoda. Kila siku. Na sijui alivyokuwa anakunja. Nilikuwa naiangalia mikono yangu tu. Wewe uliyekuwa unapewa mlangoni ndiye unayejua."

Alilia kidogo, kwa namna ya wanaume, akijifanya unga umemwingia machoni. Nikamshika kiganja. Tukakaa hivyo mpaka mfagiaji akakohoa.

Alipokuwa anatoka akageuka. "Mzee anauliza kama utafika kesho, baada ya wateja wa mchana. Hakusema nikulete. Amesema nikuulize."

*

Nilikwenda. Nilipita mlango wa nyuma kwa mazoea. Dada mtu alikuwa anakata matango, akaendelea kukata. Kitinda alikuwa amesimama mahali pake. Mzee alikuwa kwenye kigoda, amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda ugenini.

"Keti," akasema. Hapakuwa na kiti kingine, nikabaki nimesimama.

"Kinyozi hanipi usingizi," akaanza. "Kila siku anakuja kuuliza. Na amewaambia wengine. Wazee wa kiwandani, waliostaafu, wanakuja kutoka mbali. Wanataka kola." Akasugua magoti. "Siku ile zile karatasi nilizifungua mimi mwenyewe. Nilidhani nitakuta kosa, nipate la kusema. Sikulikuta. Nimefikiri sana, binti. Nimekubali. Njoo ndani. Utasimama pale." Akaonyesha upande wa kushoto wa meza, karibu na dirisha. "Utafunga kola. Na Jumapili nitakwenda kwa mjomba wako."

Kisu cha matango kikasimama. "Baba! Pale pa Mama?"

"Pamekaa tupu vya kutosha."

Yote niliyoyaomba yalikuwa yamewekwa mezani mbele yangu, nichukue tu. Nikamtazama Kitinda. Nilitegemea kuona furaha. Alikuwa ananitazama kwa hofu, na nikamwelewa. Kila asubuhi angesimama upande wa kulia wa mama yake tena. Angenigeukia usiku chumbani na kuona mikono ya nani?

"Baba," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Kola sitaifunga. Si yangu. Mimi nilifuata tu mistari aliyoiacha kwenye karatasi. Nikisimama pale, Baba, kila siku utakuwa unamngoja ageuke. Na atakayegeuka ni mimi. Utanichukia kabla ya mwaka kwisha, wala haitakuwa kosa lako."

Mzee akainuka. Sijui umri ulikuwa umekwenda wapi. Alijaa chumba chote. "Nimekufungulia mlango, wewe unanipa masharti dukani kwangu?"

"Sina sharti."

"Na hilo la Jumapili, nalo hulitaki?"

"Nalitaka kuliko kitu chochote." Machozi yalikuwa yanakuja, nikayaacha. "Lakini ukija kwa mjomba, uje kwa ajili ya Mkate. Usije kumtafuta Mama. Kwetu hayupo."

"Si nilisema?" dada mtu akadakia. "Si nilisema ana kiburi?" Lakini aliisema bila nguvu, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa pale kushoto, kwenye nafasi tupu ambayo nilikuwa nimeiacha tupu.

Mzee akanigeuzia mgongo. Akasimama akitazama dirisha. Kitinda akapiga hatua moja kuja upande wangu, mimi nikamzuia kwa kiganja. Kama ni kuondoka, niliona, bora niondoke peke yangu.

Ndipo Mzee akachukua mkate.

Alikata vipande viwili. Akapaka siagi taratibu, akaenda mpaka pembeni, akapita ukingoni pote kama anayemaliza ukuta wa mwisho wa nyumba. Akaweka yai, akaweka nyanya. Akausukuma ubao kwangu bila kunitazama.

"Moja," akasema. "Moja tu."

Nilifunga. Sikufanya haraka. Pembe ya kwanza, pembe ya pili, zikatazamana. Nilipompa, akapitisha kidole gumba chini ya kola, kama mtu anayemrekebishia mwenzake shati kabla hajatoka nyumbani.

"Yeye alikuwa anaanza kushoto," akasema.

"Mimi nilianza pale karatasi ilipoanzia."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaifungua, akala. Alikula yote, amesimama, kama wateja wa siku za dirisha, na sisi watatu tukimtazama mtu mzima akitafuna huku machozi yanamshuka. Alipomaliza akafuta midomo kwa ile karatasi. Akaikunjakunja ikawa donge, akaitupa kwenye pipa la taka kwa mkono wake mwenyewe.

"Imetosha," akasema. "Alinisubiri sana nimwache apumzike."

Akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka mbele ya meza, upande wa kulia, na kuweka karatasi safi mbele yake.

"Panda."

"Baba, meza naifikia."

"Wote waliopata mkunjo walisimama hapo. Panda, tafuta wako."

Nikapanda. Kichwa kikagonga taa, taa ikayumba, kivuli changu kikawa kinacheza ukutani. Kitinda alicheka, cheko fupi la mtu aliyesahau kucheka. Nikaanza kukunja. Mara mbili mikono ilikimbilia kola, mara mbili nikaikamata katikati ya njia. Nikajaribu kitu kingine, kikafumuka chenyewe kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Nikajaribu tena. Kikafumuka tena. Jasho likaanza kunitoka. Mzee alingoja, mikono nyuma.

Nyuma yangu kisu cha matango kilikuwa kinapiga ubao kwa hasira. Kikanyamaza. Nikasikia mtu akifuta mikono kwenye aproni. Kidole chembamba, chenye harufu ya tango, kikapita chini ya kwapa langu na kutua juu ya karatasi, pale hasa ilipokuwa inanyanyuka.

"Unabonyeza hapa kwanza, halafu ndiyo unakunja," dada mtu akasema, amekunja uso. "Au utakaa huko juu mpaka kesho?"

Nikakunja. Karatasi ikatulia. Hakukiondoa kidole.

"Basi shika mwenyewe, wifi," akasema. "Na mimi nina kazi zangu."

Nikashika. Nilipoinua macho kumtafuta Kitinda, alikuwa ametugeuzia mgongo tusimwone machozi, amesimama mbele ya rafu, anasokota mkia kwenye karatasi isiyo na kitu ndani.